Kisu Kidogo na Heshima ya Alama

Usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii ni ya watu wa pwani, waliozoea kuyatazama majahazi yakielea na kukumbuka jasho la maseremala. Lakini hata mtu akaaye mbali na bahari, baina ya mlima Menengai na ziwa Nakuru, aweza kuitumia akisimama kando ya barabara. Na aitazame matatu iendayo Njoro au Molo. Ubavuni mwake pana jina la chama chake. Juu ya kioo cha mbele pana jina alilolichagua mwenye gari. Nyuma pana methali, au sala, au picha ya mchezaji wa mpira. Kisha na aitazame pikipiki ya bodaboda, mlango wa kinyozi, dirisha la duka la dawa na gari la shule. Kila mahali pana herufi na picha, wala hakuna hata moja iliyoota yenyewe kama nyasi.

Kila moja iliundwa. Zamani iliundwa kwa brashi na rangi. Siku hizi nyingi huundwa kwa mashine ndogo itoshayo juu ya meza ya kusomea, na ndani ya mashine hiyo pana kisu ambacho ncha yake ni ndogo kuliko punje ya mtama. Mafundi huiita plota, au mashine ya kukatia stika. Na ngozi nyembamba ya plastiki inayokatwa huitwa vinili.

Nataka, msomaji, tuifuate habari ya kisu hicho tangu mbali. Usidhani kwamba haya ni mazungumzo ya mafundi peke yao. Historia ya alama ni historia ya swali moja zito: ni nani mwenye haki ya kuandika alama, na je, alama yake ni ya kweli? Swali hili liliulizwa katika Bonde la Ufa kabla ya reli, likaulizwa wakati wa ukoloni, likaulizwa baada ya uhuru, na leo linakujia wewe.

Bonde la Ufa ni nchi ya visu tangu kale. Milima ya moto iliyolijaza majivu iliacha pia jiwe jeusi, ling'aalo kama chupa, liitwalo obsidiani. Jiwe hilo likipigwa kwa ujuzi hupasuka vipande vyembamba vyenye makali kama ya wembe. Mlima Eburru, ulio kaskazini-magharibi ya ziwa Naivasha, ni mahali pamoja lipatikanapo kwa wingi. Kule Kariandusi, karibu na Gilgil, Louis Leakey alianza kuchimbua mwishoni mwa miaka ya 1920, akayapata mashoka ya mkono ya mawe, mengine ya obsidiani, yaliyotengenezwa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Na pale Hyrax Hill, kilima kilicho kando ya mji wa Nakuru wenyewe, Mary Leakey alichimbua mwaka wa 1937 na wa 1938, akazifunua dalili za watu walioishi na kuzikana mahali hapo zama kwa zama. Basi kijana wa Nakuru akinunua leo kisu cha mashine kilichotengenezwa ng'ambo, asidhani kwamba ukali ni mgeni katika nchi yake. Jipya si makali. Jipya ni kazi ambayo makali yamepewa.

Kabla ya reli, nyanda zilizo baina ya Naivasha na Nakuru zilikuwa malisho ya Wamaasai. Mashujaa wao walichukua ngao za ngozi ya nyati zilizopakwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Michoro ya ngao hizo iliitwa sirata, wala haikuwa mapambo matupu. Aliyejua kuisoma aliweza kutambua kwa mbali kwamba shujaa yule ni wa rika fulani na wa sehemu fulani ya Wamaasai. Tena kulikuwa na alama nyekundu ambayo haikuchorwa ila kwa ruhusa, juu ya ngao ya mtu aliyekwisha kudhihirisha ushujaa wake vitani. Rangi nyekundu ilikuwa udongo tu, na udongo ulikuwa miguuni pa kila mtu. Lakini haki ya kuupaka haikuwa ya kila mtu. Hiyo ndiyo alama ya namna ya kwanza, nayo nitaiita alama iliyostahiliwa. Nakuomba uikumbuke, kwa kuwa tutairudia mwishoni.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika Nakuru mwaka wa 1900, na Kisumu mwaka wa 1901. Mwaka wa 1904 serikali ya Kiingereza ilifanya mkataba na viongozi wa Wamaasai, nao wakahamishwa kutoka nyanda hizo, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini ya reli. Mwaka wa 1911 ukafanywa mkataba mwingine, na wale wa Laikipia wakahamishwa mara ya pili. Nchi ikagawanywa kuwa mashamba makubwa ya Wazungu, na Nakuru ukawa mji wao wa soko.

Pamoja na wenyeji hao wapya zikaja alama mpya: herufi juu ya mabehewa, namba juu ya magunia ya nafaka, majina ya kigeni juu ya vibao vya mashamba, na chapa za moto juu ya ng'ombe wa mashamba hayo. Chapa ya moto yenyewe haikuwa ngeni, maana Wamaasai pia waliwatia mifugo wao chapa na kuwakata masikio kwa alama za ukoo. Lakini namna ya kupiga herufi juu ya gunia yastahili tuitazame kidogo. Fundi alichukua bati jembamba, akalikata matundu yenye umbo la herufi. Bati hilo likalazwa juu ya gunia, brashi yenye wino ikapitishwa, na bati lilipoinuliwa herufi zikabaki. Kwa kigezo kimoja magunia elfu yaliweza kupata jina moja, bila kutofautiana hata kidogo. Kigezo hicho cha bati ndicho babu wa stika ya leo, kwa sababu hapo ndipo watu walipojifunza kwamba herufi yaweza kukatwa kwanza, kisha ikawekwa mahali pake.

Ukoloni haukuishia kwenye magunia na ng'ombe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande. Kilikuwa karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake na habari za kazi yake, nacho kilitiwa katika kikopo cha chuma kilichofungwa shingoni kwa kamba. Aliyekiacha nyumbani aliweza kushtakiwa. Mwajiri ndiye aliyeandika. Aliyeandikwa alichukua tu. Linganisha, msomaji, ngao na kipande. Ngao ilisema habari ambayo mwenyewe aliistahili, akaionyesha kwa fahari mbele ya rafiki na adui. Kipande kilisema habari iliyoandikwa na mtu mwingine, na mara nyingi aliyekivaa hakuwa na uwezo wa kuisoma wala wa kuipinga. Hii ni alama ya namna ya pili: alama iliyolazimishwa. Ndiyo maana watu waliokichukia kipande hawakuchukia uzito wa chuma. Walichukia kusemewa.

Kenya ilipata uhuru mwaka wa 1963, na kalamu ikaanza kubadili mikono. Mmoja wa mahali ambapo badiliko hilo lilionekana wazi ni gari la abiria. Neno matatu lasemekana kutokana na nauli ya zamani ya mapeni matatu, yaani senti thelathini. Magari ya kwanza yaliyoitwa hivyo yalichukua abiria bila leseni, yakafukuzwa na askari, mpaka Rais Jomo Kenyatta alipotoa amri mwaka wa 1973 kwamba yaruhusiwe kuchukua watu kwa malipo. Tangu hapo yaliongezeka mno, na kwa kuwa yaligombania abiria, kila moja lilitaka kutambulikana. Bati la gari likawa ukurasa.

Waliouandika ukurasa huo walikuwa mafundi wa mabango. Fundi hodari alipiga mistari miwili kwa uzi uliopakwa chaki, akachora herufi kwa mkono mwepesi, kisha akazijaza rangi ya mafuta kwa brashi iliyochongoka. Hakuwa na nafasi ya kukosea, maana rangi ikishatiririka haina adabu. Fundi huyo huyo aliandika jina la duka, bei za hoteli, picha ya kichwa kilichonyolewa vizuri mlangoni mwa kinyozi, na picha ya ng'ombe ukutani mwa bucha. Herufi za fundi mmoja hazikufanana na za mwenziwe, na wapita njia waliweza kuutambua mkono wa mtu kama tutambuavyo sauti yake.

Lakini ukurasa ukishapata waandishi wengi, hauchelewi kupata magomvi. Mwaka wa 2003 Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, alitoa kanuni za magari ya abiria ambazo zilianza kutekelezwa kwa nguvu mwezi wa Februari 2004. Ziliagiza mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo, sare za madereva na makondakta, na ufito wa rangi ya manjano kuzunguka kila matatu. Michoro mingi ilifutwa. Wako waliosema kwamba jambo hilo lilileta utulivu barabarani, na wako waliolia kwamba mkate wa wachoraji umetiwa mchanga. Mwishoni mwa mwaka wa 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitetea hadharani michoro ya matatu kuwa kazi halali ya vijana, na rangi zikarudi. Ufito wa manjano ulikuwa amri ya serikali. Picha zilizorudi zilikuwa hiari ya wananchi. Na gari moja likabeba vyote viwili. Hii ni alama ya namna ya tatu: alama iliyogombaniwa.

Michoro iliporudi, vijana wengi hawakushika brashi tena. Walishika kompyuta na mashine ya kukatia vinili. Ilitoka wapi? Hapana budi twende mbali kidogo na Nakuru, maana mashine hii ilizaliwa kwa kukutana vitu vitatu vilivyotafutana muda mrefu bila kujuana: ngozi, gundi na kisu.

Ngozi ilianza kwa bahati. Mwaka wa 1872 mwanakemia Mjerumani, Eugen Baumann, aliona kitu kigumu cheupe kimejifanya ndani ya chupa ya gesi iliyoachwa juani. Kitu hicho kilikuwa kikavu na chepesi kuvunjika, kikakaa zaidi ya miaka 50 bila kazi ya maana. Mwaka wa 1926 Waldo Semon, mfanyakazi wa kampuni ya B. F. Goodrich huko Marekani, alikuwa akitafuta gundi ya kushikamanisha mpira na chuma. Alikichemsha kile kitu kigumu pamoja na majimaji fulani, na badala ya gundi akapata kitu laini kinachonyumbulika. Hivyo vinili laini ilipatikana na mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine. Gundi nayo ilipata mlango wake mwaka wa 1935, pale R. Stanton Avery wa Los Angeles alipotengeneza vibandiko vyenye gundi tayari mgongoni, ambavyo mtu huvibandua na kuvibandika bila kulowesha.

Kisu kilikuja mwisho. Mwaka wa 1959 kampuni ya CalComp ya Marekani ilitoa mashine ambayo, ikiamriwa na kompyuta, ilichora mistari kwa kalamu juu ya karatasi. Basi ikabaki mtu wa kufikiri kwamba, ikiwa kalamu yaweza kuongozwa hivyo, kwa nini isiwe kisu? Aliyefanya kazi kubwa katika njia hiyo ni Joseph Gerber. Alizaliwa Vienna mwaka wa 1924, akiwa Myahudi, na mwaka wa 1940 alifika Marekani pamoja na mama yake, akiwakimbia Wanazi. Alipokuwa mwanafunzi alichomoa utepe wa mpira katika suruali yake ya kulalia, akautia alama za vipimo, na kwa kuuvuta akaweza kusoma vipimo vya michoro bila hesabu ndefu. Kutokana na utepe huo alianzisha kampuni. Kampuni yake ilitengeneza mashine za kukata vitambaa vya viwanda vya nguo kwa kuongozwa na kompyuta, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikauza mashine za kukata herufi za vinili kwa ajili ya mabango. Mashine za kwanza zilikuwa za wenye fedha nyingi. Miaka ilivyopita, viwanda vya Japani, China na kwingineko vilizipunguza ukubwa na bei, hata leo ziko zenye upana wa sentimita 30 tu, ambazo mtu mmoja huzibeba kwapani.

Sasa tuitazame ikifanya kazi. Kwanza fundi huchora katika kompyuta. Mchoro wenyewe hapana budi uwe wa mistari na nukta zenye kipimo, wala si picha ya vidoa vya rangi kama ile ya kamera, kwa kuwa kisu hakijui rangi. Kinajua njia tu. Kisha karatasi ya vinili huingizwa baina ya magurudumu madogo. Magurudumu huipeleka mbele na kuirudisha nyuma. Kisu nacho huenda kushoto na kulia. Kwa kuunganisha miendo hiyo miwili, mashine hukata duara, pembe na kila umbo. Kisu chenyewe huzunguka kwa hiari katika nyumba yake, na ncha yake haiko katikati kamili, bali iko pembeni kidogo. Kwa sababu hiyo hufuata njia kama gurudumu la nyuma la mkokoteni lifuatavyo la mbele.

Siri kubwa ni kina. Vinili hulala juu ya karatasi ya kuibeba. Kisu hutakiwa kuikata vinili yote, lakini karatasi iliyo chini yake isikatike. Kikizidi, kazi yote hukatika vipande na kukwama mashinani. Kikipungua, herufi hazitoki. Fundi mwenye busara hujaribu kwanza umbo dogo pembeni, akarekebisha, kisha akaanza. Mashine imemaliza kazi yake kwa dakika chache, lakini kazi ya mtu ndiyo kwanza inaanza. Hushika kibanio, akaondoa vinili yote isiyotakiwa, kama mkulima wa Njoro apaliliavyo magugu katika mahindi: tundu la herufi O, pembe ya herufi A, vijumba viwili vya herufi B. Hapo ndipo ulipo ukweli wa methali isemayo kwamba ukali wa jicho washinda wembe. Baadaye hulaza juu yake karatasi yenye gundi hafifu, akazihamisha herufi zote pamoja, akaziweka juu ya mlango au kioo kilichosafishwa vumbi na mafuta, akazisugua kwa kipande cha plastiki kigumu kutoka katikati kwenda nje ili hewa isifungiwe ndani. Ikiwa herufi zitabandikwa upande wa ndani wa dirisha ili zisomwe na walio nje, sharti azikate zimegeuzwa kama zionekanavyo katika kioo cha kujitazamia. Mwenye kusahau jambo hilo hulijifunza kwa hasara.

Umeona, msomaji, kwamba mashine haikuondoa ujuzi, imeuhamisha. Mkono usiotetemeka ulikuwa hazina ya fundi wa brashi. Fundi wa leo hazina yake ni jicho lipimalo nafasi baina ya herufi, na akili iulizayo: atakayesoma atakuwa amesimama au amepanda pikipiki? Atasoma mchana au jioni? Tena ni uangalifu wa maneno. Mashine haijui lugha. Ukiandika "Kaka wa Kienyeji" badala ya "Kuku wa Kienyeji", itakukatia neno "Kaka" kwa usafi usio na dosari, na wateja wa hoteli watacheka kabla ya kula. Fundi wa brashi alikosea mara moja kwa polepole. Fundi wa mashine aweza kukosea mara mia kabla ya chai.

Hapana haja kuficha kwamba badiliko hili limewaumiza wengine. Mtu aliyejifunza brashi kwa miaka mingi huona kijana akifanya kwa saa moja kazi ambayo yeye aliifanya kwa siku nzima. Wala hapana haja kusema kwamba kila kilicho kipya ni bora. Vinili ikibandikwa juu ya ukuta wa saruji wenye mikwaruzo hubanduka, na brashi ingali bwana wa kuta hizo. Jua nalo huzikausha stika za bei rahisi, zikakunjamana kama majani. Na mabaki yake hayaozi. Mtu akiyachoma hutoa moshi wenye asidi unaodhuru mapafu, kwa hiyo sharti yakusanywe, yasichomwe nyuma ya duka. Lakini upande wa pili uko wazi. Mwenye kibanda cha chakula, kikundi cha akina mama wauzao asali katika chupa, fundi wa pikipiki, timu ya mpira ya kijiji, wote hao zamani hawakuweza kulipia chapa zao. Leo waweza kupata jina lao limeandikwa vizuri kwa kiasi wanachotaka, hata kama ni chupa 10 tu. Uwezo wa kujitangaza, uliokuwa wa serikali, wa reli na wa mashamba makubwa, umeteremka mpaka kwenye meza ya kijana.

Na hapa ndipo tufikapo kwenye lile swali la mwanzo. Alama ya ngao ilistahiliwa. Alama ya kipande ililazimishwa. Alama ya matatu iligombaniwa. Hii ya leo, iliyo ya namna ya nne, ni alama rahisi. Urahisi ni neema, lakini ni neema yenye mtihani ndani yake. Kisu kinachokata jina la asali halali hukata vile vile jina la asali iliyochanganywa na sukari. Chaweza kukata neno "Shule" likabandikwa juu ya gari ambalo si la shule yoyote, au alama ya ukaguzi ikabandikwa juu ya gari ambalo breki zake hazikukaguliwa na mtu. Mama anapompandisha mtoto wake katika gari, hana nafasi ya kupiga magoti na kuzitazama breki. Huisoma alama, akaiamini, akapunga mkono, akarudi nyumbani. Imani yake imelazwa juu ya ngozi nyembamba ya plastiki. Aliyeikata ngozi hiyo kwa uongo hakuiba shilingi chache tu; ameiba imani, na gari lile likikosa kusimama mteremkoni, yeye hawezi kusema kwamba alikuwa fundi wa herufi tu.

Liko pia kosa jingine lionekanalo dogo. Kijana huona picha nzuri iliyochorwa na mwingine, akaikata na kuiuza kama yake. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, nayo humlinda mchoraji kama imlindavyo mtunzi wa vitabu. Lakini hata kama isingalikuwapo sheria, mchoro ni jasho. Shujaa aliyebeba ngao yenye alama ya ushujaa wa mwenziwe angalionekanaje mbele ya rika lake?

Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ulipewa hadhi ya jiji, wa nne nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Neno "Jiji" likaingia katika vibao. Lakini jiji haliwi jiji kwa kibao, kama vile asali haiwi asali kwa stika. Kibao huahidi, maji safi, barabara njema na soko lenye haki ndivyo vitimizavyo ahadi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza; hivyo ndivyo walivyosema wahenga, ambao hawakuijua vinili, ila waliwajua watu.

Msomaji mpendwa, huenda siku moja utaketi mbele ya mashine kama hii, shuleni, dukani au nyumbani. Utaisikia ikinong'ona huku kisu kikienda na kurudi. Kumbuka basi kwamba unakaa mwishoni mwa safu ndefu: nyuma yako yuko mtu wa Kariandusi na jiwe lake, shujaa na ngao yake, mchukuzi wa kipande na kikopo chake, na fundi wa brashi na uzi wake wa chaki. Baadhi yao waliandikwa bila kuulizwa. Wewe umepewa kisu, nawe huandikwi, waandika. Kabla hujakiamuru kisu kianze, lisome neno lako mara mbili. Mara ya kwanza tazama kama limeandikwa sawasawa. Mara ya pili tazama kama ni kweli. Mashine itakusaidia kidogo katika lile la kwanza. Katika la pili haina msaada wowote, maana njia ya mwongo ni fupi, na kisu hakijui iishiapo.